Nani Kanuna Jikoni?

Mama Eduviges aliinua kifuniko, mvuke ukampiga usoni, akachomoa tamali moja, mkate wa unga wa mahindi wa kupikwa kwa mvuke, na kuifungua ganda lake la hindi. Unga ulimnata vidoleni. Mbichi! Sufuria imekaa motoni tangu mchana, na unga bado mbichi.

"Nani kanuna humu ndani?" akauliza.

Katika mtaa wao pale Puebla, hilo si swali la mzaha. Maji yalikuwepo, sarafu aliyoitumbukiza ndani ya sufuria, ya kumjulisha maji yakikauka, ilikuwa bado inagongagonga kwa mchemko. Moto ulikuwepo. Hata vile vimasikio vya maganda, vya kuzuia kijicho, alivifunga mwenyewe kwenye mishikio. Basi kama maji yapo na moto upo na tamali haziivi, jikoni kuna mtu mwenye hasira moyoni, na sufuria imeshamjua. Hata mtoto wa mtaa ule angekwambia hivyo.

Na hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Keshokutwa ni Candelaria, sikukuu ambayo hakuna nyumba isiyokula tamali, na nusu ya mtaa walikuwa wameagiza kwake. Mkahawa wake ulikuwa na meza sita tu, lakini ndipo madereva wa teksi na watu wa zamu walipojikalia usiku, wakala taratibu na kupiga soga mpaka wasinzie. Sasa walishaanza kuvuka barabara, kwenye mkahawa wa jirani mwenye taa za rangi. Candelaria ikimwaibisha, afunge tu mlango akafue nguo za watu.

Akawatazama mmoja mmoja: mkwewe Zenaida, shoga yake Tomasa, na mumewe Abundio.

Abundio hakumtia hesabuni. Huyo alivuka mpaka kwenda kaskazini, akakaa huko miaka kumi na mmoja bila barua wala salamu, kisha akaja kubisha hodi Desemba na sanduku dogo mkononi. Eduviges hakumuuliza kitu. Alimwekea sahani. Mtaa mzima ukasema mama yule ana moyo wa ajabu, na padri akamtolea mfano kanisani. Tangu siku hiyo Abundio alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na jiko, analowesha maganda na kuimba, hana neno na mtu.

"Mimi nilishasamehe, yamekwisha," Eduviges alizoea kusema, huku kisu chake kikishukia vitunguu mpaka kibao kinaruka.

Akaanza na Zenaida. Sababu alikuwa nayo, maana msichana huyo na mumewe, mtoto wa Eduviges, walihamishiwa chumba cha darini ili Abundio apate pa kulala. Abundio anakoroma, Eduviges alisema, heri awe na chumba chake.

"Mkwe, una nini na mimi?"

"Sina kitu, mama."

"Na macho mekundu hayo?"

"Vitunguu, mama."

"Mwongo mkubwa wewe! Jifunge kibwebwe uichezee sufuria."

Ndiyo dawa yake: mwenye hasira aizunguke sufuria akicheza mpaka imtoke. Zenaida akajifunga kibwebwe, akacheza na aibu yake, machozi yakimtoka. Wakapika upya. Zikatoka mbichi vilevile.

"Nenda kwenu kwanza," Eduviges akamwambia. Msichana wa watu akaenda.

Kesho yake Zenaida hayupo, na tamali bado mbichi. Zamu ya Tomasa. Huyu miaka yote ile alikuwa akinywa kahawa na Eduviges kila jioni, lakini tangu Abundio arudi hakuna aliyemwita.

"Una wivu, Tomasa. Sema kweli."

Tomasa akacheka kicheko kikavu. "Wivu wa nini, shoga? Wa huyu?" Akamwelekezea Abundio kidevu. "Mimi nisingemwekea hata maji ya kunywa."

"Unaona! Ndiyo hiyo hasira yenyewe! Toka jikoni kwangu!"

Tomasa akavua aproni, akaining'iniza msumarini. Mlangoni akageuka. "Tangu utoto nakujua, Vige. Leo ndiyo mara ya kwanza unanifokea."

"Toka!"

Candelaria ikafika. Eduviges aliamka alfajiri, akakanda unga na mafuta mpaka ukawa laini, akatia kuku na pilipili, akafunga tamali zote peke yake. Kabla ya kuwasha moto akamgeukia mumewe.

"Wewe nawe nenda uwanjani ukacheze domino. Leo sitaki pumzi ya mtu humu."

"Mke wangu, mimi sina kinyongo na kiumbe."

"Najua. Nenda tu."

Abundio akambusu kwenye paji la uso, akachukua kofia yake. Eduviges akajipangusa paji kwa aproni na kuwasha jiko.

Akakaa anaisikiliza sarafu inavyogonga. Akajipa moyo. Wenye vinyongo vyao wameondoka. Yeye moyo wake mweupe, padri mwenyewe kasema. Leo zitaiva tu, zitake zisitake.

Jioni watu wakaanza kugonga dirisha.

"Mama, tufungulie!" ilikuwa sauti ya Melquiades, dereva wa teksi. "Tumekuja na njaa ya mwaka mzima!"

"Subirini, jamani!"

Akainua kifuniko, akachomoa moja, akafungua ganda. Unga ukamnata vidoleni.

Abundio aliporudi kutoka kwenye domino, alikuta sanduku lake limewekwa barazani, limefungwa kamba. Mlango ulikuwa umekomewa, na huko jikoni alisikia vishindo vya mtu anayecheza.