Nuru ya Macho ya Bi Somoe Yarudishwa

"Kitendawili," alisema Bi Somoe, sindano mkononi.

"Tega, bibi," akajibu mjukuu wake, Mwanahawa.

"Nilikiacha kidogo kidogo kwenye mashuka ya hospitali, leo kimerudi chote."

"Nuru ya macho yako."

Siku hizi mkataba wa serikali ukibatilishwa kwa sababu ya rushwa, aliyeufanyia kazi bila hatia hurudishiwa alichopoteza, nacho hutolewa mwilini mwa mkosaji. Bi Somoe alishona mashuka yale mpaka macho yakafifia, asijue zabuni ilikuwa ya hongo. Jana mahakama ilimpa haki yake. Leo alipitisha uzi kwenye tundu mara moja tu, akapiga kigelegele, na majirani wakamwitikia.

"Kumbe una kidoti shavuni, wewe. Miaka yote unanificha?"

"Kilikuwepo, bibi."

Jioni akabisha hodi jirani yao Bwana Chambuso, afisa aliyekula hongo ile. Alikuwa amekuja akipapasa kuta, kanzu begani.

"Kifungo kimekatika, Bi Somoe. Tundu la sindano silioni."

Bi Somoe akaipokea kanzu. Alishona kwa mishono iliyonyooka kuliko yote aliyowahi kushona, lakini macho yale hakuyainua kumtazama usoni.