Vistari vya Penseli

Mkamwana alifunua mashine ya kutotoleshea mayai, na moyo ukamlipuka. Aliyaacha mayai ya kobe yakiwa na kistari cha penseli juu ya kila moja. Sasa maganda yaliyoonekana yalikuwa meupe pe kwa juu.

"Mama, nani kayagusa?"

"Mimi, mwanangu," mama mkwe akajibu kwa fahari. "Tangu uende msibani nayageuza asubuhi na jioni. Dukani kulijaa mashine zinazogeuza zenyewe, wewe ukachukua hili sanduku zezeta! Hata kuku huyageuza kwa mdomo wake, seuze mtu mwenye mikono?"

Mkamwana alikuwa amelichagua kwa sababu hiyohiyo: haligeuzi. Yai la kuku hugeuzwa. La kobe likigeuzwa, kitoto hufia ndani. Na kobe mwenyewe, aliyefugwa na mama mkwe tangu usichana wake, alikufa wiki ileile aliyotaga. Hakukuwa na mayai mengine.

Akawasha tochi, akalimulika la kwanza. Kivuli kilitulia tuli. La pili, tuli. La tatu vilevile.

"Hilo la pembeni limezama mchangani," mama mkwe akasema. "Niliogopa kulipasua, sikuligusa."

Chini ya mchanga, kistari kilikuwa bado juu. Mkamwana akalimulika: mishipa myekundu, na kitu kikajinyoosha.

"Loo, mzima huyo! Ngoja naye nimgeuze, asije akawaonea wenzake wivu."

Mkamwana aliudaka ule mkono mkavu, wenye harufu ya pumba, akaung'ang'ania.

Mama mkwe akamtazama usoni, kisha akayatazama yale maganda meupe.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "kwani ya kobe hayageuzwi?"