Nyumba ya Taa ya Kijani

Mtaa mzima ni sisi tu ambao taa yetu ya mlangoni haijawahi kuwa nyekundu, mwaka wa kumi huu. Bangili ya mkononi hupima wasiwasi wa kila mtu, ukizidi taa ya nyumba yake huwaka nyekundu, maana sheria inasema wasiwasi ndio unaoleta saratani. Kwangu hakuna kugombana, na habari ya msiba haivuki kizingiti. Binti yangu Mwanahawa nimemlea humu, hajui hata kununa.

Jana alikuja kunisalimu, kichwa kipara, nyusi hana.

“Shikamoo, mama. Ni mtindo tu huu,” alisema akicheka.

Bangili yangu ikaanza kutetemeka. Nikavuta pumzi taratibu, kama tulivyofundishwa.

“Marahaba. Umependeza, mwanangu.”

Taa ikabaki kijani. Kesho watu wa serikali wanatuletea cheti cha miaka kumi ya kijani, na picha tutapiga wote, yeye katikati.