Supu ya Huguette

Léonce Bidault alikaa kwenye kigoda akimsubiri paka afe.

Supu ya liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, ilikuwa imekwisha. Paka alilamba bakuli, akalamba makucha, akapanda rafu ya vioo vya buluu na kujilaza kwenye jua. Ilipofika saa ya chakula cha mchana aliamka, akajinyoosha, akalia kudai supu nyingine.

"Amegundua," Léonce alinong'ona. "Amegundua kuwa supu yake nampa paka. Na paka hawezi kumuua. Anampenda."

Aliyemfikiria ni Huguette, mkewe.

Maumivu yalianza majira ya baridi, baada ya Léonce kustaafu kazi ya reli na kukigeuza chumba cha chini kuwa karakana ya vioo vya rangi. Pale Chartres, mji wa Ufaransa, mstaafu asiyevua samaki hutengeneza vioo. Kanisa kuu, na madirisha yake ya vioo vya rangi, humtazama mtu kila anapofungua dirisha, mwisho naye mikono humwasha. Wenzake walijiandikisha darasani. Léonce alikataa. Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote, alisema, hafundishwi kushika koleo.

Didier wa posta ndiye aliyemletea vifaa vya kwanza, akihema chini ya boksi.

"Bwana Bidault, umeagiza mawe?"

"Risasi."

"Mama yangu! Unampiga nani?"

"Risasi ya kuungia vioo, mjinga wewe. Ile ya madini, ya tepe."

Didier alimtupia jicho Huguette aliyesimama mlangoni. "Bibi, ukimuudhi huyu usimpe mgongo."

Wote watatu walicheka. Sasa, akikumbuka, Léonce aliona kwamba Huguette alicheka kidogo mno.

Tumbo lilimnyonga kama kitambaa kinachokamuliwa. Mdomoni alisikia ladha ya sarafu kutwa nzima. Mkono wa kulia ulianza kulegea, akawa anavunja vioo ambavyo zamani angevikata akiimba. Na kila alipopanda jikoni, Huguette alikuwa na bakuli mkononi.

"Kula, mzee. Umebaki mifupa."

"Wewe mbona huli?"

"Nimeshiba."

Siku moja alimchungulia kwenye ufa wa mlango. Huguette alitoa pakiti mfukoni mwa aproni, akamimina unga mweupe kwenye bakuli la mumewe, akakoroga. Halafu Léonce akamsikia kwenye simu, akizungumza na binamu yake wa duka la dawa, kwa sauti ya chini. "Hapana, hajui. Naweka kidogo kidogo."

Tangu siku hiyo Léonce alihamia chini. Alijinunulia mwenyewe mkate, jibini na soseji kavu, akavila pale pale mezani pa kazi, akikata kwa kisu chake cha kazini. Ufunguo wa karakana aliuvaa shingoni. Huko angalau hakuna aliyekigusa chakula chake.

Kazi hakuiacha. Alikuwa anatengeneza dirisha la jikoni: shada la maua alilobeba Huguette siku ya harusi yao. Lilikuwa liwe zawadi. Sasa hakujua litakuwa nini, lakini mikono iliendelea tu, mmoja ukikandamiza kioo, mwingine ukigonga msumari, na tepe ameibana kwa meno kama mama yake alivyozoea kubana pini akishona.

Na bado akazidi kuumwa.

Mwishowe alitoroka nyumbani kwa mlango wa nyuma, akaenda kwa Dokta Maurel.

"Nipime sumu," alisema.

"Sumu gani, Bwana Bidault?"

"Ya mke."

Daktari yule hakucheka. Alimtazama fizi, akamtoa damu, akamwambia asubiri majibu.

Aliporudi, Huguette alikuwa amemvizia kwenye ngazi. Léonce alimpita, akajifungia. Huguette akaupiga mlango kwa viganja.

"Léonce, fungua! Umeniona na ule unga, sivyo? Ni dawa ya tumbo! Ulikataa kuinywa, ningefanyaje?"

"Ndivyo wanavyosema wote!"

"Wote akina nani? Kwani una wake wangapi?"

Léonce alimsikia akikaa chini, nje ya mlango, akilia taratibu, na kwa muda moyo wake ukataka kulegea kama mkono wake. Akaukaza. Muuaji pia anaweza kulia.

Daktari alipompigia simu nyumbani siku zilizofuata, Léonce alikataa kupanda kuipokea. Kwa hiyo Dokta Maurel alikuja mwenyewe, mkoba mkononi, Huguette akiwa nyuma yake, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Léonce aliwafungulia, kisha akarudi mezani na kuendelea na kazi. Alitaka mkewe aone kwamba hamwogopi. Yalibaki maua mawili tu kukamilisha shada.

"Bwana Bidault," daktari alisema akiwa bado mlangoni, "majibu yametoka. Hukukosea. Ni sumu."

Huguette alishika ukuta. "Mungu wangu. Léonce, naapa..."

Léonce aliinua mkono kumnyamazisha. Hatimaye. Hatimaye mtu mwenye elimu alikuwa upande wake.

"Ni risasi," daktari aliendelea. "Imejaa kwenye damu yako. Na inaingia kwa mdomo, kidogo kidogo, kila siku. Kabla sijawapigia polisi nataka nisikie kwako mwenyewe. Nani anakupa?"

Léonce alinyoosha kidole chake cha kijivu, moja kwa moja, kumwelekea mkewe. Akafungua mdomo amtaje, na ile tepe ya risasi ikamponyoka menoni, ikadondoka juu ya shada la harusi.