Jina la Mwashamba

Riziki alitoka ndani ya kabati la nguo lililozungushiwa magodoro ili kuzuia kelele wakati wa kurekodi, jasho likimchuruzika. Asubuhi nzima alikuwa amemwimbia marehemu mama yake kwa sauti tatu, nzito, nyembamba na ya kukwaruza, juu ya mdundo ambao Badi, mtayarishaji wake wa muziki, aliutengeneza kwenye kompyuta.

"Sikia nilivyoikata sauti yako," Badi alisema.

Mdundo uligonga. Beti hazikuwemo. Kilichobaki ni pumzi aliyoivuta kabla ya kuimba, ikijirudia kama ya mtu anayezama.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Dada Riziki, watu wanakuja kucheza, hawaji matangani. Hiyo pumzi ni moto!"

"Kwenye wimbo wetu wa kwanza ulibakiza kicheko changu tu. Wa pili, kikohozi. Siku nikipiga chafya si utafanya sherehe!"

Badi alicheka peke yake.

Riziki alirudi kabatini. Safari hii alivuta pumzi kabla Badi hajaanza kurekodi, kisha akaimba jina la mama yake tu, Mwashamba, Mwashamba, juu ya kila pigo, bila kuacha mwanya wa kukatia.

Kidole cha Badi kilining'inia juu ya kitufe cha kukatia. Chini ya meza, mguu wake ulikuwa umeshaanza kucheza.