Mlolongo wa Zadock

Awuor alikuwa akichota maji ndani ya mashua kwa kofia mpya ya mwanawe, na mwanawe hakuthubutu kumkataza. Kopo walilokuja nalo lilikuwa limechukuliwa na wimbi. Tanga lilikuwa limechanika pembeni, na Idd, mwenye mashua, aling'ang'ania usukani.

Zadock, mwanawe Awuor, aliketi katikati akiwa amekumbatia picha yake mwenyewe iliyofungwa kwenye nailoni. Ilikuwa mwaka 1988, na siku hiyo watu wa kwao walikuwa wanamteua diwani kwa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna siri. Unapanga mstari nyuma ya picha ya mtu unayemtaka, halafu mnahesabiwa vichwa jua likiwaka, na kila jirani anaona umesimama nyuma ya nani.

Mvua ilikuwa imebomoa daraja, na magari kutoka Kisumu hayakupita. Ndiyo maana walitoka nyumbani Kaloleni, mtaa wa Kisumu, jana yake, wakapanda mashua Dunga, wakalala Asembo kwa jamaa. Sasa walikuwa wakielekea kwao, karibu na Luanda Kotieno, na upepo uliwapiga ubavuni tangu asubuhi.

Wimbi lingine lilipowamwagikia, Zadock alisema yatosha. Idd asogee ufukweni, wanawake washuke, wao wanaume waendelee. Mashua ikiwa nyepesi itafika. Kura mbili si kitu cha kufia majini.

"Sishuki," alisema Lornah, mkewe. Alikuwa ameshika kasia na viganja vyake vilikuwa vimechubuka. "Ukiona hatari, Baba Walter, shuka wewe."

Idd alianza kucheka, kisha akakumbuka ni nani aliyemkodi.

Zadock alikuwa na hofu, hilo hakuweza kulificha, lakini ndani ya ile hofu aliona fahari. Aliwajua wanaume wengi ambao wake zao wasingevuka hata mtaro kwa ajili yao. Na mama yake, mzee vile, magoti yamevimba, alikuwa amepiga magoti kwenye maji akichota tu.

Hakutarajia hivyo. Mwaka uliopita alikuwa amejipatia ufuo wa kwao na kuuzungushia seng'enge, ajenge hoteli ya wageni. Hapo ndipo wanawake wa kijiji walikuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, tangu mama yake akiwa bibi harusi, na karo yake yote ya shule ilitoka kwenye omena hao. Awuor alifunga safari hadi Kaloleni kumsihi aufungue. Zadock alimweleza kwa upole kwamba maendeleo hayaji bure, na kwamba wanawake wangepata pengine pa kuanika. Lornah alikuwa palepale akiosha vyombo, hakuinua kichwa. Tangu siku hiyo Awuor alikaa nao hapo Kaloleni wala hakuutaja ufuo tena, na Zadock alishukuru kwamba mama ameelewa. Kelele zilibaki kwa Joram tu, mpinzani wake, mtu asiye na hata suti moja, aliyezunguka vijijini akiahidi kung'oa ile seng'enge.

Walipokuwa wamekaribia, boti ya doria iliwakatia njia. Askari alisema ziwa limechafuka, hakuna mashua ya tanga itakayopita, warudi walikotoka. Idd alianza kulegeza kamba. Zadock aliinua picha yake aeleze yeye ni nani, lakini askari hakuitazama.

Awuor akasimama, nguo zimemgandia mwilini, akashika mlingoti.

"Mimi nimezaliwa kando ya ziwa hili," alimwambia askari. "Leo nina mahali pa kusimama, na nitasimama. Ukitaka kunirudisha, njoo unibebe."

Askari alimtazama yule mama, akatazama mawimbi, kisha akawaashiria wapite. Zadock aligeuza uso asionekane akifuta macho.

Walifika ufukweni mashua ikiwa imejaa maji nusu. Zadock alitangulia mbio hadi uwanja wa shule, ambako wakala wake alikuwa amesimama kwa niaba yake tangu asubuhi. Akachukua nafasi yake mbele ya mstari, akainua picha juu, na watu wake wakashangilia. Halafu akaangalia upande wa pili. Mistari miwili ilikuwa imelingana. Ungeitazama kutoka mwanzo hadi mwisho usingejua upi ni mrefu.

Msimamizi alikuwa tayari ametia filimbi mdomoni. Ikilia, hakuna atakayeingia tena.

Langoni walitokea wanawake wawili waliolowa chapachapa, mmoja akimshikilia mwenzake kiunoni ili atembee.

Zadock alimshika msimamizi mkono. Alimwomba asubiri kidogo tu. Alimweleza jinsi walivyotoka Kisumu kwa tanga, jinsi walivyokataa kushuka, jinsi hata askari walivyoshindwa kuwarudisha.

"Yule ni mke wangu, na yule ni mama yangu," alisema. "Waache waingie."

Msimamizi aliwatazama wagombea wote wawili. Joram hakupinga. Filimbi ikashushwa, lango likaachwa wazi, na watu wakasogea kuwapisha wale wanawake.

Lornah alimpita mumewe bila kumtazama. Awuor akamfuata polepole, akiburuta mguu, mpaka wote wawili wakafika mwisho wa mstari wa Joram, wakageuka na kusimama.

"Mama," Zadock aliita, picha ingali juu, "mstari wetu ni huu."

"Kukuzaa nilikuzaa, Zadock," alisema Awuor. "Kukuchagua, hapana."