Pimbi Aliyeziba Pango

Palikuwa na Pimbi mmoja mlimani, bahili wa joto. Kipupwe kilipokaribia alikandika kila ufa wa pango lake kwa udongo. Lakini ndugu zake tisa walioishi naye, kila waliporudi malishoni, waliingia na baridi.

Siku moja walipotoka, akakomea mlango. Jioni wakapiga hodi.

"Tufungulie, mwanangu," akasema Shangazi, mkubwa wao. "Upepo umechacha."

"Nikifungua joto litatoka, Shangazi."

"Basi tutapita mmoja mmoja."

Pimbi akaziba hata tundu la mlango.

Sasa pango halikuwa na upenyo wa sisimizi, na bado alitetemeka. Akaongeza udongo, akazidi kutetemeka. Kulipokucha ndipo alipoelewa kwamba joto halikuwa la pango, lilikuwa la ile migongo tisa aliyozoea kulala ameigusa.

Akabomoa mlango. "Karibuni," akasema. "Karibuni ndani."

Walikuwa wamekumbatiana kizingitini, wameganda. Akawaingiza mmoja mmoja, akawapanga kama walivyozoea kulala, akajilaza katikati yao.

Hakupata joto.